Kompyuta Iliyonipenda Mimi Peke Yangu

Watu wa mtaani kwetu wananiita Chumvi, na siwalaumu. Nimetengeneza pampu za maji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo niliwahi kumtoa kambare ndani ya bomba la inchi nne akiwa mnene kuliko bomba lenyewe; niliwahi kuifufua pampu iliyokufa kwa kuipigia mluzi; na kiangazi kimoja nilikuta maji yanapanda mlima yenyewe, pampu imezimwa, kwa sababu njia yalikuwa yameshaizoea. Hayo nimeyasimulia kibarazani na watu wakayameza bila kutafuna. Hili la kompyuta ya dada yangu, ambalo ni kweli mwanzo hadi mwisho, ndilo wanaloligunia.

Dada ananizidi miaka saba. Mama yetu alipofariki, dada alikuwa darasa la saba na mimi nilikuwa bado nafunga kaptula kwa kamba. Akaacha shule. Akaniogesha, akanilisha, akanisindikiza shuleni kila asubuhi mpaka langoni, nami nikawa naingia kwa lango na kutokea dirishani. Alichokikosa yeye, mimi nilikichezea. Hilo hajawahi kunitamkia, na ndiyo maana linanikaa kooni.

Akaolewa, akazaa, akazika mume, akafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali mpaka mgongo ukastaafu kabla yake. Halafu, akiwa na miaka sitini na saba, akajiandikisha kusoma sekondari kwa posta. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi. Yeye akanunua daftari. Mwaka wa nne huu, masomo yote keshayafaulu, limebaki moja tu: sayansi. Akilipita hilo, cheti ni chake.

Mtihani wenyewe hufanywa mara moja kwa mwaka, nyumbani, kwenye kompyuta ya mtahiniwa. Mwezi uliopita chuo chake hicho cha posta kilimletea barua, naye akaniita niisome ingawa anasoma vizuri kuliko mimi.

"Mdogo wangu, huu 'mfumo mpya' wanaousema ni kitu gani?"

Barua ilikuwa na masharti matatu. La kwanza, kompyuta iwe na mfumo mpya wa kuiendesha, ule wa zamani hautakubaliwa. La pili, iwe kompyuta ileile aliyoiandikisha kwa namba yake, si ya kuazima. La tatu, mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, kamera ya kompyuta ikimtazama. Na mtihani ukifika saa yake, programu ya chuo itaizima kompyuta na kuiwasha upya yenyewe, mtu asije akawa ameficha majibu humo ndani. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi. Ukikosa, mwakani.

"Dada," nikamwambia, "hiyo kazi ni ya kikombe kimoja cha chai. Na chai yenyewe haitakuwa imepoa."

Kompyuta nimejifunza mwenyewe baada ya kustaafu. Nilikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo. Kwa hiyo mambo ya katikati nayajua sana, na ya mwisho nayajua kuliko aliyeyaandika. Ya kuanzia ndiyo sikubahatika kuyasoma.

Jumanne ya wiki ya mtihani, mchana, nikafika kwake na flashi yangu. Flashi hiyo, ndogo kama ukucha wa dole gumba, naivaa shingoni kwa kamba pamoja na ufunguo wa nyumba, na ndani yake nilikuwa nimeutia huo mfumo mpya. Kompyuta ya dada ni ile ya sanduku, inakaa sakafuni chini ya meza, na matundu yake yako nyuma, upande wa ukutani. Nikapiga magoti, nikapapasa, nikaichomeka flashi, nikawasha. Mambo yakaenda. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo kama jongoo aliyeshiba. Katikati ya kazi mashine ikaniuliza swali moja la Kiingereza kirefu, na chini yake majibu mawili ya kuchagua. Nikachagua. Saa kumi kasoro ikawaka, mpya, inang'aa, na dada akaweka picha ya paka wake amelala juu ya daftari ili awe anaiona kila akiwasha.

"Hebu zima uwashe tena," dada akasema.

Nikazima, nikawasha. Paka huyo. Nikazima, nikawasha. Paka.

"Unaona?" nikamwambia. "Chai bado ya moto."

"Chai imepoa tangu saa nane."

Nikazima mara ya mwisho, nikapapasa nyuma ya sanduku, nikaichomoa flashi yangu, nikaivaa, nikaenda zangu. Kwenye nyumba ya pampu tulikuwa na sheria mbili za fundi, na mimi nitazikwa nazo. Ya kwanza: chombo hakitolewi mashine ikizunguka. Ya pili: fundi akitoka, chombo chake kinatoka naye. Kuna mwenzetu alisahau spana ndani ya pampu kubwa. Ilipowashwa, ile spana ilisafiri na maji mpaka mji wa pili, ikatokea bombani kwa mama mmoja aliyekuwa anajaza ndoo. Yule mama aliitumia miaka miwili kabla hatujaipata.

Sijafika nyumbani, simu ikalia.

"Imekufa," dada akasema.

"Nani amekufa?"

"Kompyuta. Imeandika maneno meupe kwenye kioo cheusi. Inasema haioni kitu cha kuanzia."

"Umeigusa wapi?"

"Nimebonyeza kitufe cha kuwashia. Sasa niiwashe kwa miguu?"

Nikarudi. Nikapiga magoti, nikaichomeka flashi tayari kuanza kazi upya, nikabonyeza kitufe. Paka huyo. Amelala juu ya daftari, hana habari na mtu.

Nikamtazama dada. Dada akanitazama.

"Mbona imewaka?" akauliza.

"Imeniona," nikasema.

Nilisema kwa mzaha. Laiti ningejua mzaha huo utanila siku nne.

Jumatano asubuhi, imekufa. Nikaenda, ikawaka. Nikakaa nayo kutwa, nikaizima na kuiwasha mara kumi na moja, nikaihesabia kwa vijiti vya kibiriti juu ya meza. Haikukosa hata mara moja. Nikaizima, nikatoka, na kabla sijapita kona ya duka dada akaniita kwa sauti kutoka mlangoni. Nikarudi kwa miguu yangu mwenyewe nikayaona yale maneno meupe kwa macho yangu. Nikainama chini ya meza, nikafanya utaratibu wangu wa kawaida, nikawasha. Paka.

Hapo ndipo nikaanza kuchanganyikiwa, na mimi si mtu wa kuchanganyikiwa kirahisi. Nilishawahi kupotea ndani ya tangi tupu la maji na nikatoka kwa kufuata mwangwi wangu. Nikasema ni umeme. Nikahamisha waya kutoka soketi ya ukutani kwenda ile ya karibu na friji. Nikiwapo inawaka, nikitoka imekufa. Nikasema ni joto la chumba. Tukafungua madirisha yote. Nikasema ni meza. Tukaigeuza, tukaigeuza tena. Nikasema ni mikono ya dada, kwamba miaka arobaini ya pasi imeiacha na joto lisilopatana na vitufe. Dada akavaa glovu za kuoshea vyombo akabonyeza nami nikiwa nje. Imekufa. Akazivua akabonyeza nami nikiwa ndani. Imewaka.

"Kwa hiyo si mikono," akasema.

"Labda glovu," nikasema.

Nyumbani mke wangu aliposikia habari hizi alicheka mpaka akaketi. "Mzee, hiyo kompyuta imekupenda. Mtu akitoka inazimia, akiingia inafumbua macho. Ungeniambia mapema nijipange. Na mimi nimepata mke mwenza wa umeme!"

Alhamisi akaja mpwa wangu, bintiye dada, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpima ardhi. Huyu haamini kitu asichokipitishia kamba. Alifika na buti zake za tope, akaniamkia, "Shikamoo Mjomba," nami nikaitikia, na kabla ya kuketi akauliza, "Tatizo liko wapi?"

"Mashine inamtaka mjomba wako," dada akasema.

"Mama, mashine haimtaki mtu."

"Basi iwashe wewe."

Akaiwasha. Ilikuwa imekufa. Akaniambia nisimame mlangoni: imekufa. Nisimame katikati ya chumba: imekufa. "Unaona?" akasema. "Haina habari na wewe." Nikamwambia ngoja niitazame kwanza, siwezi kufanya kazi nimesimama kama nguzo. Nikapiga magoti, nikapapasa nyuma ya sanduku, nikasimama. Akabonyeza. Paka.

Mpwa wangu akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake umbali kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti changu, akaandika na saa. Akarudia mara nne. Kila nilipokaribia na kuinama, iliwaka. Kila niliposimama mbali, ilikufa. Alipoondoka aliniaga kwa heshima zote, lakini jicho alilonipa nalijua. Wakaguzi wa pampu ndio waliokuwa wakinipa jicho hilo.

Ijumaa ikawa vilevile. Mfumo niliutia upya kwenye flashi nyumbani, nikaurudia wote kuanzia mwanzo, saa mbili nzima, swali lilelile, jibu lilelile. Ikawaka vizuri, dada akamrudisha paka wake. Nikaizima, nikavaa vitu vyangu, nikahesabu hatua ishirini kwenda kwenye mti wa kamba ya nguo, nikasikia dada anasema ndani, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto: "Imekataa."

Mpwa wangu alikuwa amekuja tena. Akanifuata uani akasimama mbele yangu.

"Mjomba, nikuulize kwa heshima?"

"Uliza, mpwa wangu."

"Unamchezea Mama?"

"Mimi?"

"Mjomba, wewe ndiye uliyetuambia utotoni kwamba mvua huanza ukifungua koki fulani. Tulikaa mwaka mzima tunaitafuta hiyo koki. Kila mtu mtaani anakujua. Unainama pale chini, unafanya kitu tusichokiona, inawaka. Ukiondoka, inazima. Kama unataka uitwe, useme. Tutakuita kila siku. Lakini mtihani ni kesho."

Nikacheka. Ndivyo nilivyo, nikibanwa nacheka. Ningekuwa na akili ningelia, kwa sababu machozi angeyaamini.

Tuliporudi ndani, dada alikuwa anapanga madaftari yake. Manne, yenye majalada ya gazeti, kona zimenyooshwa kama alivyozoea kunyoosha mashuka. Akayafunga kwa kamba, mafundo mawili.

"Msigombane," akasema. "Nitangoja mwakani. Kama mwakani wenyewe utaningoja mimi."

Mtu wa miaka sabini na moja akisema hivyo, utamwambia nini? Utamwambia mwaka ni siku chache? Nilienda nyumbani, na njia nzima, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuwa na hadithi. Watu wa kibarazani wakaniita, "Chumvi, leo umetuletea nini?" Nikapita.

Jumamosi saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa dada. Mpwa wangu alikuwa pale, bila buti. Sikuketi.

"Dada," nikasema, "mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kwa nini inakataa. Si umeme, si joto, si meza. Nilikuwa nasema tu. Sijui."

Mpwa wangu alishika kiti akaketi. Dada yeye alinitazama kama mtu aliyesikia redio iliyoharibika inaongea.

"Hujawahi kuniambia hujui," akasema. "Hata ulipokuwa na miaka saba nilikuuliza nani kamaliza sukari, ukaniambia ni sisimizi mmoja mkubwa. Haya. Sasa tunaweza kuanza."

Akafungua mafundo, akatoa daftari la tatu, akalipekua.

"Hapa wanasema hivi: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja peke yake, vingine vyote viache kama vilivyo. Sisi siku nne tunabadilisha kila kitu kwa pamoja. Wewe ukitoka hapa, huwa unatoka na nini?"

"Natoka na mimi."

"Na nini tena?"

"Na nguo zangu, dada. Unataka niziache?"

"Ndiyo. Wewe toka, vitu vyako vibaki. Vile vya mwilini vya stara kaa navyo. Na kila kitu ukiache mahali kinapokaa ukiwa unafanya kazi."

Nikavua viatu, nikaviacha chini ya meza. Kofia, kwenye kona ya kiti. Saa ya mkononi. Miwani, juu ya kibodi ninapoiwekaga. "Na hiyo ya shingoni?" dada akauliza. Nikamwambia hiyo ni flashi, huwa iko tunduni nikifanya kazi. "Basi iweke tunduni." Nikaichomeka. Nikatoka peku hadi uani, nimesimama karibu na kamba ya nguo, sioni mbali, ulimwengu wote umekuwa uji, na majirani wanauliza kulikoni.

Ndani nikasikia kitufe. Halafu mlio wa kuamka. Halafu mpwa wangu akapiga kelele: "Paka!"

Nusura nianguke. Kompyuta imewaka, na mimi siko ndani!

"Kwa hiyo hainipendi?" nikauliza kupitia dirishani.

"Haikupendi," dada akajibu. "Inapenda kitu chako kimoja. Tulia hapo."

Wakaanza. Kiatu cha kulia kikarushwa dirishani. Kitufe, mlio, paka. Kiatu cha kushoto kikarushwa, kikanigonga gotini. Paka. Dada kila mara alikuwa anaandika, nasikia kalamu. Kofia ikatoka. Paka. Saa, aliniletea mpwa wangu mkononi kwa sababu saa hairushwi. Paka. Ikafika zamu ya miwani, na hapo niseme ukweli, mimi nilishaamua kwamba ni miwani. Nilishaanza hata kujiambia jinsi nitakavyosimulia: kioo cha miwani kinavyokusanya mwanga, mwanga unavyoingia kwenye kijicho cha kamera, kamera inavyoamsha mashine. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Mpwa wangu akaniletea miwani, nikaivaa, kitufe kikalia ndani.

Paka.

"Kimebaki kimoja," dada akasema.

Nikaingia mwenyewe. Nikamwambia, dada, usipoteze muda, flashi haiwezi kuwa ndiyo. Ile ni chombo tu. Ingekuwa mashine inawaka kwa flashi, ingeniletea ile kazi ya mwanzo, yule jongoo wa kijani na maswali yake. Lakini kila ikiwaka inaleta paka wako, na paka hayumo ndani ya flashi. Paka yumo ndani ya sanduku. Kwa hiyo sanduku linawaka lenyewe. Hiyo ndiyo hesabu yangu tangu Jumanne, na ndiyo maana sikuitazama mara ya pili.

"Hesabu nzuri," dada akasema. "Ichomoe."

Nikaichomoa. Akabonyeza.

Kioo cheusi. Maneno meupe.

Nikairudisha. Paka. Nikaichomoa. Maneno meupe. Mpwa wangu alisimama nyuma yangu, nikamsikia anavuta pumzi. "Mjomba," akasema polepole, "ulikuwa unaondoka nayo shingoni."

"Nilikuwa naondoka nayo."

"Siku zote nne."

"Fundi akitoka…" nikaanza, nikaishia hapo.

Niliketi sakafuni chini ya meza. Bado sikuelewa, na nikawaambia bado sielewi: ninaona kwamba ni hiyo, ila sioni kwa nini. Inawezekanaje paka akae sandukuni na mlango wake ukae shingoni kwangu? Dada akasema, "Tuambie ulichofanya Jumanne. Moja baada ya jingine. Usitie kitu."

Nikasema. Ilikuwa vigumu, ulimi ulikuwa unatafuta pembeni. Nilichomeka. Niliwasha. Jongoo akatambaa. Mashine ikauliza swali.

"Swali gani?"

Hapo nikakohoa. Swali lilikuwa hivi, kwa kadiri nilivyolielewa: kile kijiprogramu kinachoiamsha mashine, yaani kianzishi, kikae wapi? Na majibu yalikuwa mawili, majina ya herufi na namba yasiyofanana na kitu chochote, moja limeandikwa pembeni ukubwa mkubwa, jingine ukubwa mdogo. Sikujua. Ukurasa huo hakika ulikuwa katika zile ishirini zilizochanika. Ila kwenye nyumba ya pampu, ufunguo wa kuwashia haukai kwenye pampu kubwa hata siku moja. Unakaa kwenye kisanduku kidogo, kando, mkononi mwa fundi, mtu mwingine asije akawasha maji yakafurika mjini. Kila fundi wa maji anajua hivyo. Kwa hiyo nikachagua kile kidogo.

"Na kidogo ndiyo flashi," mpwa wangu akasema.

"Ndiyo flashi."

"Kwa hiyo nyumba yote umeijenga sandukuni kwa Mama, halafu ufunguo ukaenda nao kwako."

Nashukuru, hakuendelea. Badala yake akasema, "Mjomba, nisamehe ya jana," nikamwambia aliyepaswa kusamehewa anakaa chini ya meza, asihangaike.

Saa ilikuwa tatu na dakika thelathini na tano. Nikakunja mikono ya shati. "Dada, sasa najua. Nipe nusu saa tu, nakihamisha hicho kianzishi, nakiweka sandukuni panapostahili, na flashi yangu…"

"Usiguse."

"Ni kazi ndogo."

"Ya kikombe kimoja cha chai?" akasema. "Inawaka ikiwa na hicho kidude. Kidude kibaki."

Nikaitazama flashi ilivyochomoza kule nyuma, mkiani kwa mashine, mashine inazunguka. Miaka thelathini na mmoja. Chombo cha fundi ndani ya mashine ya watu, na fundi anaambiwa aende. Mkono uliinuka wenyewe, dada akaupiga kofi dogo, kama zamani mbele ya bakuli la sukari.

"Toka," akasema. "Na usikae karibu na dirisha. Kamera ikikuona watasema unaninong'oneza."

"Ningekunong'oneza sayansi mimi?"

"Ndiyo maana nakuambia usikae."

Saa nne kasoro dakika tano mlango ukafungwa. Mimi na mpwa wangu tukaketi kwenye ngazi ya mbele. Ukuta wa chumba kile ni mwembamba, na sanduku lile lina feni yenye kelele, kwa hiyo tuliisikia ikivuma. Halafu, saa nne kamili kwa saa yangu, feni ikanyamaza.

Programu ya chuo ilikuwa imeizima.

Nimewahi kusimama juu ya tangi la futi sitini upepo ukivuma, na hilo silitii chumvi, lakini sijawahi kuogopa kama wakati ule. Kimya. Mpwa wangu alinishika kifundo cha mkono akakibana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika tisa, feni ikavuma. Mlio wa kuamka. Kisha, baada ya muda, sauti ya kibodi: tak. Tak. Tak-tak. Dada huchapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayebandua kitu.

"Ameanza," mpwa wangu akasema, akaniachia mkono, akafuta macho kwa ncha ya khanga akajifanya ni vumbi.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Majirani walikuja kuuliza kwa nini nilisimama uani peku asubuhi, nikawaeleza yote kama yalivyokuwa, neno kwa neno. Wakacheka, wakasema Chumvi leo umepitiliza. Mashine gani ya kuwashwa kwa kiatu? Nikawaambia si kiatu. Wakasema basi kofia. Nikawaacha.

Saa saba mlango ukafunguka. Dada akatoka amejinyoosha, ameshika kiuno, macho mekundu kwa kukodolea kioo. Tukasimama wote wawili.

"Maji," akasema.

Mpwa wangu akakimbia. Dada akaketi kwenye ngazi mahali nilipokuwa, akanywa bilauri nzima bila kupumua.

"Haya, sema," nikamwambia. "Yalikuwaje?"

"Maswali arobaini. Nimejibu arobaini."

"Yote unayajua?"

"Thelathini na tisa nayajua." Akanipa bilauri niishike. "Moja sikulijua hata kidogo. Nikakaa nalo robo saa nzima. Halafu nikajiuliza, ndugu yangu angekuwa hapa angefanyaje?"

"Ungeandika hujui."

"Nimeandika mistari sita ya uongo," dada akasema, "mizuri sana," na akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu alipokuwa darasa la saba.